Binti yangu anatakiwa alipe milioni 6 ili awe patna. Nitoe hati ya nyumba?

SWALI

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mkazi wa Shela hapa Malindi, umri wangu miaka 64. Nimekuwa nahodha miaka 28 mpaka mgongo uliponikatalia. Sasa nimebaki na nusu ya mashua moja, nusu nyingine ni ya shemeji yangu, na jioni utanikuta barazani na wenzangu.

Binti yangu wa pili ni wakili. Mwaka huu ni wa 9 yuko Nairobi katika kampuni moja kubwa ya mawakili, jina silitaji. Wiki iliyopita alikuja Ijumaa usiku bila kutuarifu, akala, akanisubiri nitoke kuswali Isha, kisha akanitolea barua. Kampuni inataka kumfanya patna. Inataka pia kufungua ofisi hapa Malindi na yeye ndiye aisimamie. Nikasema mashaallah, nikafungua mdomo kumwita mamake. Akanishika mkono. "Baba, ngoja kwanza."

Kumbe ili awe patna ni lazima atoe shilingi milioni 6. Wanauita mtaji. Yeye hana. Benki iko tayari kumkopesha, alipe kwa miaka 5, lakini inataka dhamana, na dhamana aliyoifikiria yeye ni hati ya nyumba hii ninamoandikia barua. Unajua Shangazi hati za pwani hii zinavyopatikana. Yangu niliisubiri miaka 17.

Nilipolitaja jambo hili barazani (sikusema ni la nani, ila walijua), mwalimu mmoja mstaafu alisema huo ni upatu uliovaa tai. Mwingine akasema hata makanga halipi pesa ili afanywe dereva. Tulicheka, lakini usiku sikulala.

Mimi najua mgao wa mashua. Tukirudi tunatoa kwanza mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki, nusu ni ya chombo na nusu ya mabaharia, nahodha ana fungu lake la ziada. Anayepata fungu la chombo ni mwenye chombo, amekinunua, kila mtu anakiona kimefungwa pale ufukweni. Sasa hawa mawakili chombo chao ni kipi, hata mtu anunue fungu? Meza? Kompyuta?

Binti anasema patna wa chini kabisa mwaka jana alipata milioni 9. Mshahara wake yeye sasa ni 320,000 kwa mwezi kabla ya makato. Amepewa wiki 3 ajibu, na moja imekwisha. Nakiri pia kwamba ninaogopa mkopo. Niliwahi kuiuzia hoteli moja nguru na kolekole kwa daftari, ikafungwa na laki 4 zangu ndani, mpaka leo.

Mamake hajui chochote. Hati nimeitoa sandukuni, iko chini ya mto.

Nahodha mstaafu, Shela, Malindi

JIBU

Nahodha, aleikum salaam. Kwa hesabu ya miaka mimi si shangazi yako, tungekuwa darasa moja, lakini jina ni la safu, basi nalipokea.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu umeigusa kazi niliyoifanya kabla ya hii. Miaka 19 nilikuwa mhasibu katika kampuni ya mawakili Mombasa. Kwa hiyo nianze na jibu, maelezo yafuate. Huo si upatu. Kutoa mtaji ili uwe patna ni desturi ya biashara hiyo duniani kote, na binti yako ameheshimiwa. Hati ya nyumba usiitoe.

Umeuliza chombo chao ni kipi. Swali zuri kuliko yote niliyopokea mwezi huu, na jibu lake liko katika ile hoteli yako. Ulipompelekea mpishi wake nguru, mafuta ulikuwa umeshalipa, barafu umeshalipa, mabaharia wako walikula siku ile ile. Hoteli ikasema mwisho wa mwezi. Ukaja mwisho wa mwezi, ikasema ujao. Katika siku hizo zote nani alikuwa akiilisha safari? Ni wewe, kwa pesa za mfukoni. Kampuni kubwa ya mawakili ndiyo hiyo hiyo, ila badala ya nguru ni mikataba, na badala ya hoteli moja ni mabenki, wajenzi, kaunti na mashirika 200 yanayolipa yakipenda. Mawakili 60 wanataka mshahara kila tarehe 28. Kazi iliyofanywa Januari ankara yake inatoka Machi, pesa zinaingia Julai, zikiingia. Mtaji wa mapatna ndio unaovuka hiyo miezi. Chombo chao, Nahodha, ni subira, na subira ina bei.

Nikupe picha moja uione. Kwetu siku mbaya haikuwa mwisho wa mwezi, ilikuwa tarehe 19. Serikali inataka VAT asilimia 16 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, awe mteja amelipa au hajalipa. Basi tarehe 19 ungemkuta patna mkubwa, mtu wa suti na saa ya dhahabu, amesimama mbele ya meza yangu na karatasi ya wadaiwa, kidole kinateremka jina baada ya jina: siku 30, siku 90, siku 180. Ankara ya milioni 2 aliyojisifia nayo mkutanoni inamdai 320,000 za kodi kesho, na mteja hata simu hashiki. Nilimwona mzee mmoja wa heshima zake akimpigia mteja huku amegeukia ukutani ili makarani wasisikie anavyobembeleza. Hiyo ndiyo kazi ya patna ambayo binti yako bado hajaiona, kwa sababu mwajiriwa haonyeshwi karatasi ile.

Utauliza, mbona wasitafute tajiri awape pesa, kama wavuvi wanavyofanya? Sheria inawakataza. Sheria yetu ya Mawakili, kifungu cha 37, hairuhusu wakili kugawana faida yake na mtu asiye wakili. Marekani ni hivyo hivyo karibu kila jimbo, Arizona ndiyo iliyoufungua mlango 2020. Uingereza walilegeza kwa sheria ya 2007, na mwaka huo huo kampuni ya Australia, Slater and Gordon, ikawa ya kwanza ya mawakili duniani kuuza hisa sokoni. Miaka minane baadaye ikanunua biashara kubwa Uingereza kwa pesa za hisa mpya na za kukopa, ikazama nusura ife. Hapa kwetu basi milango ni miwili tu: mfuko wa patna na benki. Na tena kifungu cha 46 hakimruhusu wakili wa Kenya kukubaliana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu. Wewe ni mvuvi, utaikumbuka kesi ya wenzako wa Lamu juu ya bandari mpya. Ilifunguliwa 2012, Mahakama Kuu ikaamua hapa Malindi Aprili 2018 kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita kabla ya hukumu ya kwanza tu. Kazi ya namna hiyo lazima iwe na mtu wa kuilisha njiani.

Sasa faida inatoka wapi. Patna peke yake, hata awe hodari vipi, ana saa 24 kama wewe. Faida ya kampuni kubwa hutoka kwa vijana walio chini yake. Kuna kanuni ya zamani ya theluthi: anacholeta wakili wa kuajiriwa, theluthi ni mshahara wake, theluthi ni gharama za ofisi, theluthi ya mapatna. Tuseme kijana analipwa 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4 kwa mwaka. Ili kanuni isimame inabidi alete milioni 7.2. Akitozwa 6,000 kwa saa, hizo ni saa 1,200 zilizolipwa. Zilizolipwa, sikusema zilizofanywa. Kwetu tuliandika saa kwa vipande vya dakika 6, simu moja kipande kimoja. Kijana aliandika saa 1,700, patna akakata mpaka 1,450 kwa kumwonea mteja haya, mteja akalipa 1,200 na zilizobaki akazigeuza mazungumzo. Biashara yote ya mawakili imo katika hizo saa 500 zilizopotea njiani. Kampuni nzuri hupoteza chache.

Barazani mlishangaa mtu kununua cheo. Muulize binti kwanza ni cheo gani. Siku hizi kuna patna wa hisa, mwenye mtaji na mgao, na patna wa mshahara, mwenye jina mlangoni na malipo yale yale ya mwisho wa mwezi. Hata kampuni ya mawakili ya Cravath ya New York, ambayo kwa zaidi ya miaka 100 haikuwa na patna asiye mwenye hisa, ilianzisha hao wa mshahara 2023. Anayeombwa milioni 6 lazima awe wa hisa, na iandikwe hivyo. Kama mkataba unasema ni wa mshahara na bado anatakiwa kutoa mtaji, hapo mwalimu mstaafu ana hoja.

Haya, milioni 9. Hapo ndipo nilipoketi na kalamu, nawe keti na binti.

Sasa hivi, kwa mshahara wa 320,000, baada ya kodi na makato yale mengine anapata mkononi kama milioni 2.6 kwa mwaka. Akiwa patna haajiriwi tena, hakuna anayemkatia kodi, atalipa mwenyewe kwa mafungu manne: Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kila tarehe 20. Kwa faida ya milioni 9 kodi yake ni karibu milioni 2.7. Mkopo wa milioni 6 kwa miaka 5, tuseme riba ni asilimia 15, ni kama 143,000 kila mwezi, milioni 1.7 kwa mwaka. Toa vyote viwili, anabaki na milioni 4.6. Ameongeza milioni 2 juu ya alizokuwa nazo, na baada ya miaka mitano mkopo umekwisha. Ni biashara nzuri, mimi ningeichukua.

Lakini milioni 9 ilikuwa ya karatasi au ya mkononi? Faida ya kampuni hupigwa kwa ankara zilizotoka, si kwa pesa zilizoingia, na kodi nayo hufuata karatasi. Chukua mwaka mbaya kidogo: karatasi inasema milioni 9, lakini wateja wamelipa theluthi mbili tu, kwa hiyo kampuni inampa milioni 6 na nyingine "zinakuja". Kodi bado ni milioni 2.7, deni halifutwi mpaka ithibitike kwamba limekufa. Benki bado inataka milioni 1.7. Anabaki na milioni 1.6. Mtu aliyekuwa akipata 2.6 akiwa mwajiriwa sasa ni patna wa kampuni kubwa na anapata 1.6, na jirani zako wanamletea michango ya harusi kwa sababu wanajua ana pesa. Nimewaona wenye hali hiyo. Mmoja alikuwa akija kazini kwa matatu na kushukia mbali na ofisi.

Kwa hiyo kitu cha kuomba, kabla ya jibu lolote, ni hesabu za miaka 3 pamoja na orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni. Asiombe kwa woga. Anayekutaka uweke milioni 6 halafu anakuficha daftari amekwisha kujibu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba daftari lenyewe lisomwe na mhasibu wa nje, asiyewajua, amlipe hata 50,000. Atazame madeni yaliyopita siku 180 ni sehemu gani ya yote. Atazame kama mapatna walichota zaidi ya kilichoingia. Atazame kampuni inadaiwa nini na benki, na kama mshahara wa mwezi wowote uliwahi kulipwa kwa mkopo. Akikuta kwamba mtaji wa mapatna wapya ndio unaowalipa mapatna wanaostaafu, hapo arudi nyumbani mbio.

Nikikuambia hivyo sitishi bure. Mwaka 2012 kampuni ya New York, Dewey & LeBoeuf, yenye mawakili zaidi ya 1,000, ilifilisika, na mpaka leo inahesabiwa anguko kubwa kuliko yote ya kampuni ya mawakili Marekani. Kazi walikuwa nayo. Ila waliwaahidi mapatna nyota malipo ya uhakika, mwaka uwe mzuri au mbaya, kisha wakakopa mamilioni ya dola kwa kuuza hati za mkopo mwaka 2010. Pesa zilipopungua nyota walianza kuondoka na wateja wao, na kila aliyeondoka aliwaharakisha waliobaki. Wewe ukipoteza mabaharia, mashua inabaki ufukweni na unaweza kutafuta wengine. Wao wakipoteza mabaharia hakuna mbao hata moja ya kuuza. Na waliokuwa mapatna walirudisha zaidi ya dola milioni 70 kwa pamoja ili wasishtakiwe. Wengi wao hawakuwa wamegusa uamuzi hata mmoja.

Ndiyo maana aulize pia ubia wao umesajiliwa kwa sheria gani. Ubia wa kawaida kila patna anadaiwa madeni yote ya kampuni, mpaka sufuria za nyumbani. Tangu sheria ya 2011 upo ubia wenye kikomo cha dhima, huko anapoteza alichoweka. Na aulize akitoka, au akifa, Mungu apishe mbali, mtaji wake unarudi lini na kwa mafungu mangapi. Nimeona mkataba uliosema "hali ya kampuni itakaporuhusu". Hali haikuruhusu. Jinsi mgao unavyopigwa, kwa umri wa kazi au kwa wateja ulioleta, nako kuna mjadala mrefu, lakini kwa patna wa chini tofauti si kubwa miaka ya mwanzo, silipi hilo wino.

Jambo la Malindi ndilo lililonifurahisha, na nadhani binti yako hajaliona. Kwa nini wanamtaka yeye, na sasa? Malindi kuna Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Mahakama ya Rufani huketi hapo. Kuna mashamba yenye kesi tangu enzi za wakoloni, kuna nyumba za Waitaliano zinazouzwa na kununuliwa, kuna hoteli, kuna mirathi. Kampuni ya Nairobi inaitamani kazi hiyo lakini haina mtu anayejua nani ni mtoto wa nani. Yeye anajua. Wazee wa Barani watampa chai kabla ya kumpa faili, patna wa Nairobi wangempa kiti tu. Hiyo nayo ni mtaji, ingawa haipiti benki. Basi anaweza kusema: mtaji wangu mwanzo uwe milioni 2, zilizobaki zikatwe kwenye mgao wangu miaka 4. Hili hufanywa kila siku, si ombi la aibu.

Ila ajihadhari na hesabu ya tawi. Kazi ya Malindi nyingi ni kuhamisha viwanja, na ada yake imewekwa kwa amri ya Jaji Mkuu inayotaja viwango vya chini. Wakili hawezi kushusha kumpendeza jirani, ni kosa, na kupandisha nako mteja wa Malindi atavuka barabara. Ada hiyo inatosha kulipa ofisi ya mji mdogo vizuri tu. Haitoshi kulipa pia fungu la kodi ya ghorofa la Nairobi lenye marumaru na mtu wa kukufungulia lifti. Makao makuu wana tabia ya kugawa gharama zao kwa matawi kwa kichwa, halafu mwisho wa mwaka mnaambiwa Malindi imepata hasara. Binti aandikiwe mapema tawi lake litabeba gharama gani na zipi halitabeba. Hapo msishindwe kwa haya. Na tangu 2020 kesi nyingi zinasikizwa kwa video, wakili wa Nairobi anaweza kuhudhuria Malindi akiwa na kikombe chake mezani, kwa hiyo asiwaache wakamwahidi kwamba mahakama peke yake italeta faili.

Turudi chini ya mto wako.

Benki iliyo tayari kumkopesha patna wa kampuni nzuri huangalia kampuni, si baba yake. Yapo mabenki yanayokopesha mtaji wa ubia kwa barua ya kampuni kwamba mgao wa patna utapitia akaunti hiyo hiyo. Kama benki inayowajua hawa mawakili, inayoona pesa zao zikiingia na kutoka, haitaki kumkopesha bila nyumba ya mzee wa Shela, basi benki inajua kitu ambacho binti hajaambiwa. Amuulize meneja waziwazi: kwa nini barua ya kampuni haitoshi? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko hesabu zote nilizokupigia hapa.

Na ukiweka hati rehani ujue safari yake. Binti akishindwa kulipa, benki inakupa notisi ya miezi 3, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali anakupa siku 45 za kukomboa. Inaonekana ndefu mpaka siku utakapoanza kuihesabu. Miaka 17 uliyosubiri hati haitahesabiwa popote.

Tena hungeweza kuifanya kwa siri hata ungetaka. Nyumba mnayoishi wewe na mkeo ni nyumba ya ndoa, na sheria ya ardhi ya 2012 inasema rehani yake haisimami bila mwenzio kukubali na kutia saini. Meneja angemwita mamake, akae pale kwenye kiti cha benki na buibui lake, asomewe habari ya milioni 6 kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Hebu fikiria safari ya kurudi nyumbani siku hiyo.

Wiki 2 zilizobaki zinatosha. Binti aombe hesabu kesho, Jumatatu aonane na meneja, na akiona muda haufiki aombe mwezi mmoja zaidi. Kampuni iliyomsubiri miaka 9 itasubiri siku 30. Ikikataa, niandikie tena, nitataka kujua walisema nini.

Kuhusu laki 4 za hoteli, deni la mkataba kwa kawaida hufa baada ya miaka 6 usiposhtaki. Hukusema ni mwaka gani. Kama bado, una wakili nyumbani, na hiyo iwe faili yake ya kwanza ya tawi la Malindi, amtoze babake ada kamili.

Hati irudishe sandukuni leo. Na kabla hujafunga, mwite mamake, mwambie ulikuwa umeitoa kwa nini.

Shangazi